Nilihesabu hatua, sikuipima hatua

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika kwenye ukurasa huu kwamba suala la futi na mita ni ugomvi wa Wazungu usiotuhusu. Alisema wakulima waachwe na heka zao na mafundi na inchi zao, kwa kuwa hata Marekani, nchi kubwa vile, bado inapima kwa futi. Mimi nimefundisha hesabu shule za msingi kwa miaka thelathini na mitatu. Suala hili linanihusu. Limenigharimu karibu shilingi laki saba na nusu, na limenifanya nimwite mtu mwizi ilhali hakuiba.

Mwaka 2016 nilistaafu nikapata kiinua mgongo, na kama walimu wengi, fedha ya kwanza niliipeleka kwenye ardhi. Kuna mzee alikuwa anauza shamba, heka tatu, kila heka laki nane. Naandika heka kwa sababu ndivyo tunavyosema huku Kilosa; vitabuni ni ekari. Siku ya kupima tulikwenda watu watano: mwenye shamba, mjukuu wake, mashahidi wawili na mimi. Hapakuwa na tepu wala kamba. Utaratibu ulikuwa ule ule unaojulikana karibu kila kijiji, heka moja ni hatua sabini kwa sabini. Kwa heka tatu zilizopangana unatembea sabini upande mmoja, mia mbili na kumi upande wa pili.

Mzee akaniambia, "Mwalimu, namba ni kazi yako. Hesabu mwenyewe, nisije nikaonekana nimekupunja."

Akatangulia, mimi nyuma yake nikihesabu kwa sauti kama niko darasani. Tulivuka matuta ya msimu uliopita, tukazunguka kichuguu, na kila hatua niliitamka. Hakuna hata moja iliyorukwa. Nilipofika mia mbili na kumi mjukuu alichimbia kigingi, tukapeana mikono. Nililipa milioni mbili na laki nne, nikarudi nyumbani na moyo mweupe kwa sababu hesabu nilikuwa nimeifanya mwenyewe.

Msimu wa kwanza nilinunua mbegu ya mahindi kilo thelathini, kilo kumi kwa heka, kama mabwana shamba wanavyotuelekeza. Baada ya kupanda zilibaki pakiti nne za kilo mbili ambazo hazijafunguliwa, na nyingine nusu. Nilijiuliza imekuwaje. Msimu wa pili zikabaki vilevile. Nikamwita kijana aliyekuwa anasimamia vibarua nikamwuliza kwa nini anapanda kwa kuruka mistari, halafu ananirudishia mbegu ili nione kwamba ni mwaminifu. Alikana. Msimu wa tatu nikamwambia mbele ya watu kwamba ananiibia nguvu kazi: analipwa palizi ya heka tatu na kazi anafanya ya mbili. Hakunijibu. Aliweka jembe chini, akaondoka.

Mwaka 2019 mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa ni mpima ardhi, alipita kunisalimia akiwa na tepu ya mita hamsini na kifaa chake cha GPS. Nikamwomba anipimie shamba, nia yangu ikiwa kuweka mipaka ya miti. Upande mfupi ulikuwa mita 53. Upande mrefu mita 158. Akazidisha kwenye simu: mita za mraba 8,374. Ekari moja ni mita za mraba 4,047. Nilikuwa na ekari mbili na kipande kidogo, chini ya sehemu moja ya kumi. Yule kijana alikuwa anapalilia ekari mbili kwa sababu shamba lilikuwa ekari mbili.

Nilimfuata kwao kesho yake. Aliniitikia shikamoo yangu, maana siku hiyo mimi ndiye niliyemwamkia, akasema yamekwisha. Lakini kazini kwangu hajarudi, na simlaumu.

Yule mzee naye hakuniibia, na hili ndilo ninaloomba wasomaji walielewe. Ukigawa mita 53 kwa hatua sabini unapata sentimita 76 hivi kwa hatua. Huo ni mwendo mzuri kwa mzee mfupi anayetembea juu ya matuta. Mimi mwenyewe nilijipima uani kwangu, hatua yangu ni sentimita 68. Ningetembea mimi, ningenunua padogo zaidi na kujisifu kwa uangalifu.

Kosa liko kwenye ile sabini. Nilikaa nikaitafuta inatoka wapi, na penseli ikanionyesha. Ekari ni kipimo cha Waingereza, na kwa vipimo vyao wenyewe ni yadi za mraba 4,840. Sabini mara sabini ni 4,900. Yaani "hatua sabini kwa sabini" ni hesabu sahihi kabisa, au karibu sana, iwapo kila hatua ni yadi moja kamili, sentimita 91 na nusu. Mtu mrefu akinyoosha miguu kwenye uwanja wa mpira anaweza. Mzee kwenye matuta hawezi, wala mjamzito, wala mwalimu mstaafu. Yadi ilidondoka njiani ikabaki namba yake tu, na namba isiyo na kipimo tumeirithi kana kwamba ni kipimo.

Mtu akiwa na hatua ya mita moja, ile ile sabini kwa sabini inakuwa mita za mraba 4,900, ekari moja na moja ya tano. Ndiyo maana huku kwetu anayeuza humtanguliza mzee, na anayenunua akiwa mjanja huja na shemeji mrefu. Kwenye ngwe za palizi, yaani vipande vya kazi anavyopimiwa kibarua, mambo hugeuka. Hapo anayepima ni tajiri, na kibarua hupalilia kwa urefu wa miguu ya tajiri. Nimeona vijana wakikubali ngwe asubuhi na kuimaliza jua limezama, wakidhani wamekuwa wazembe.

Msomaji mwenzangu alisema mkulima haumii na heka. Basi nimwambie jinsi anavyoumia hata baada ya kuuziana kwisha. Mkulima aliyeuziwa ekari ya robo tatu ananunua mbegu ya ekari nzima, mbolea ya ekari nzima na dawa ya magugu ya ekari nzima. Dawa akiimaliza yote, ameizidisha. Akija kuvuna gunia nane mahali alipoambiwa heka hutoa kumi na mbili, anasema ardhi imechoka au mbegu ni feki. Ardhi haijachoka. Gunia nane kutoka robo tatu ya ekari ni sawa na karibu gunia kumi na moja kwa ekari, na huyo ni mkulima mzuri, ila hajui.

Halafu kuna balaa la jina. Heka na hekta. Hekta moja ni mita za mraba 10,000, karibu ekari mbili na nusu. Kwa masikio ya mwanakijiji heka na hekta ni neno moja, la pili limetamkwa na msomi. Nimekaa kwenye mkutano ambako mtaalamu alisema kilo 25 za mbegu kwa hekta, na wanawake wawili pembeni yangu wakaandika kilo 25 kwa heka. Hata nyinyi Mhariri, mtaniwia radhi, nimewahi kusoma habari moja yenye "ekari" kwenye kichwa na "hekta" kwenye aya ya tatu, namba ikiwa ile ile. Moja kati ya hizo haikuwa kweli, na msomaji hakuwa na namna ya kujua ni ipi.

Msomaji alisema pia mita ni kitu kigeni kwetu. Mimi naishi Kilosa. Reli ya Kati inapita hapa, imejengwa na Wajerumani kabla ya Vita ya Kwanza, na upana kati ya chuma na chuma ni mita moja kamili, milimita 1,000. Hata Waingereza walipojenga ya kwao kutoka Mombasa kwenda Ziwa Viktoria, upana walioutumia ni huo huo wa mita moja. Kwa hiyo mita imelala kwenye ardhi ya Afrika Mashariki kwa zaidi ya karne, na huku kwetu babu zetu ndio walioilaza kwa mikono yao. Ilikuwepo hata kabla hajazaliwa mtu ambaye leo anaiita ngeni.

Na kama anataka kuona gharama ya vipimo viwili kwenye nchi moja, achukue njia ya tawi inayotoka hapa Kilosa kwenda Kidatu. Huko reli yetu ya mita inakutana na TAZARA, ambayo ina upana wa futi tatu na inchi sita, yaani milimita 1,067, kwa kuwa ilijengwa ilingane na reli za kusini. Tofauti ni milimita 67. Weka vidole vinne kwenye rula, ni upana huo. Kwa sababu ya vidole vinne behewa la huku haliwezi kuendelea kule, na mzigo unapaswa kuhamishwa. Nilikuwa nawapeleka darasa la sita pembeni ya reli na rula ya mbao ya mita moja, wanailaza kati ya vyuma viwili inakaa kamili, halafu nawaambia habari ya Kidatu. Hakuna somo la vipimo walilolikumbuka kuliko hilo.

Kuhusu Wazungu wenyewe, habari zimempita msomaji mwenzangu. Inchi ya leo haijitegemei. Marekani ilianza kuifafanua yadi yake kwa kutumia mita tangu mwaka 1893, na mwaka 1959 Marekani, Uingereza na nchi nyingine zilizokuwa zikitumia vipimo hivyo zilikubaliana kwamba yadi ni mita 0.9144 kamili, ndipo inchi ikawa milimita 25.4 kamili. Anayepima kwa inchi anapima kwa mita iliyovaa nguo nyingine. Na Uingereza, ambako ekari na futi zimetoka, serikali iliwauliza wananchi mwaka 2022 kama wangependa maduka yarudie ratili na aunsi. Walijibu watu zaidi ya laki moja. Majibu yalitangazwa mwishoni mwa 2023: asilimia 98.7 walitaka mita na kilo zibaki, ama peke yake au zikitangulia, na serikali ikaliacha wazo lake. Ni kweli barabara zao bado zina maili. Lakini walipoulizwa kuhusu kununua na kuuza, jibu lao lilikuwa hilo.

Sitaki kuonekana nawadharau mafundi. Nimejenga, nimewaona wakifanya kazi. Fundi mwashi anayesema tofali la inchi sita ana macho kuliko wengi tuliosoma. Shida inakuja mafundi wawili wanapokutana kwenye tundu moja. Mwashi wangu aliacha nafasi ya dirisha futi tano kwa futi nne. Fundi wa alumini, kijana wa mjini, aliniuliza ukubwa kwa simu, nikamwambia tano kwa nne, akaandika 150 kwa 120 kwa sababu kwake hiyo ndiyo tano kwa nne. Futi tano ni sentimita 152.4 na futi nne ni 121.9. Dirisha likaja na pengo la sentimita mbili na ushei kwa upana, na karibu mbili kwa urefu. Walilijaza kwa saruji na gundi. Kila masika maji yanaingia chumba cha wageni kupitia pale pale. Hakuna aliyekosea kazi yake. Nimewahi kuwaweka wote wawili mbele ya dirisha lile, na kila mmoja alinionyesha namba zake, na zote zilikuwa sawa.

Kwenye bati ni vibaya zaidi, kwa kuwa pale mnunuzi hana hata rula. Bati linauzwa kwa geji, na geji inakwenda kinyume: geji 28 ni nene kuliko geji 30. Nani asiyesoma kiwandani atajua hivyo? Nilimkuta jirani yangu dukani, mjane anayeezeka nyumba ya watoto wake, amechagua geji 32 akiamini namba kubwa ndiyo bati gumu. Muuzaji hakumdanganya, alimwuliza anataka geji gani naye akataja. Ingeandikwa milimita, hata aliyeishia darasa la nne angejua kwamba namba kubwa ndiyo bati nene.

Na debe nalo ni mtoto wa vipimo hivyo hivyo. Kopo la bati la mafuta ya taa lilikuwa la galoni nne za Kiingereza, lita 18 na kidogo. Tukalifanya kipimo cha mahindi, na debe sita zikawa gunia. Siku hizi ndoo ya plastiki ya lita 20 nayo inaitwa debe. Nimeshuhudia mahindi yakinunuliwa shambani kwa ndoo ya 20 na kuuzwa sokoni kwa bati la 18, yote kwa jina la debe. Kwenye kila gunia zinapotea lita kumi na moja hivi. Wakala wa Vipimo wanapambana na lumbesa, gunia linalojazwa kupita mdomo wake, kila mwaka, na ninawaunga mkono, ila lumbesa inaonekana kwa macho kwa ile kofia yake. Debe la lita 20 halina kofia.

Bibi yangu alipima kwa kibaba na pishi, vibaba vinne pishi moja. Leo tunasema haba na haba hujaza kibaba na watoto hawajawahi kukiona. Kibaba kilikwenda, methali ikabaki na maana yake haikuharibika. Kwa hiyo simwombi mtu aache kusema heka. Aseme. Mimi mwenyewe nasema.

Ninachoomba ni kwamba pasiwe na shilingi inayotoka mfukoni kununua ardhi kwa hatua. Hati za viwanja mjini zinaandikwa mita za mraba. Kwa nini mkataba wa shamba unaoandikwa kwenye karatasi ya daftari chini ya mwembe, mbele ya mashahidi, uandikwe "heka tatu" basi? Uandikwe urefu mita kadhaa, upana mita kadhaa, na heka ifuate nyuma kwa anayeitaka. Hilo halihitaji bajeti wala sheria mpya. Linahitaji kamba.

Upande mmoja wa ekari ya mraba ni mita 63.6. Nilinunua kamba ya katani, nikaipima kwa tepu ya yule mwanafunzi wangu, nikafunga fundo kila mita kumi na fundo kubwa lenye kitambaa chekundu pale 63.6. Anayetaka kujua kama anachouziwa ni heka aivute pande nne, na aangalie kona ziwe za mraba, zisiwe zimelala, maana shamba lililolala kama kiatu huficha mengi hata likipimwa kwa kamba. Kamba ya katani hulegea na kunyooka, kwa hiyo kila mwaka naipima upya. Shule yoyote ya msingi inaweza kutengeneza ya kwake kwa kipindi kimoja cha hesabu, watoto wakaipeleka ofisi ya kijiji, na somo la mita likawa na kazi nje ya daftari. Miaka thelathini na mitatu niliwaimbisha watoto kilomita, hektomita, dekamita, mita, na jioni walirudi kwenye nyumba ambako hakuna aliyepima chochote kwa mita. Mimi mwenyewe nilipokwenda kununua shamba niliiacha mita ubaoni.

Kwenu Mhariri nina ombi dogo. Mkiandika habari ya ardhi, chagueni hekta au ekari, na pembeni yake wekeni mita za mraba, ili mwanakijiji na mtaalamu wasome kitu kimoja.

Kamba yangu inaning'inia nyuma ya mlango wa jikoni. Wameshaiazima watu kumi na mmoja, na wawili kati yao waliirudisha siku hiyo hiyo bila kununua.

Mwalimu mstaafu wa hesabu,
Kilosa, Morogoro